Jino si Kipimo cha Mahindi Makavu

Kila mwaka ikifika Novemba, trekta la kupukuchua linapoanza kuzunguka vijijini Trans Nzoia na Uasin Gishu, kaunti za mahindi nchini Kenya, kosa ni lile lile. Mkulima anavunja punje kwa jino, anasikia imelia, anatangaza kwamba mahindi yamekauka. Kufikia jioni magunia sitini yameshonwa na kupangwa hadi darini. Mwaka mpya ukiingia, gunia la katikati lina joto, linanuka kama pombe iliyochacha, na punje zimeshikana mabonge. Hapo lawama humwendea fukuzi, au mbegu, au aliyeuza dawa. Hakuna hata mmoja wao aliyefunga mahindi mabichi ndani ya gunia.

Mambo ya nafasi, mbolea na palizi tuyaache, mnayajua na msimu wake umepita. Hapa tunazungumzia namba moja tu: 13.5. Hicho ndicho kiwango cha juu cha unyevu, kwa asilimia, ambacho Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) inapokea, na ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ya punje. Hakikuwekwa ili kumsumbua mkulima. Punje ni kitu hai, inapumua hata baada ya kuvunwa, na ikipumua hutoa joto na maji. Ikiwa na unyevu wa 13.5 au chini, inapumua polepole mno na kuvu hukosa maji ya kuotea. Ikiwa na 17 au 18, joto na maji inayotoa hubaki humo humo guniani, yanazidisha kupumua, na kupumua kunazidisha joto. Mvuke hupanda kutoka katikati hadi penye ubaridi, kwenye punje za juu na za kandoni, na kugeuka matone. Ndiyo maana mkulima huapa kwamba ghala halivuji, na kweli halivuji, lakini mahindi ya juu yameloa.

Sasa jino. Jino linaweza kutofautisha mahindi ya 25 na ya 16. Haliwezi kutofautisha ya 16 na ya 13.5, na hasara yote iko katikati ya namba hizo mbili. Zaidi ya hayo, punje iliyotoka juani imekauka ganda, kiini bado. Jino hukutana na ganda. Ukiacha rundo lilale usiku, maji ya ndani yanatoka nje na punje ile ile iliyolia jana inakuwa laini asubuhi. Na wale wanaotegemea doa jeusi kwenye kitako cha punje, tuelewane: doa hilo linasema hindi limekomaa. Siku linapoonekana, punje ina maji ya asilimia 30 hadi 35. Mbegu za muda mrefu kama H614 zilizopandwa mwishoni mwa Machi au Aprili hufika hapo Oktoba, na kutoka hapo hadi 13.5 ni safari ya wiki kadhaa, si ya siku tatu.

Kipimo cha nyumbani ambacho wengi wamefundishwa ni cha chumvi, na kinafanywa vibaya karibu kila mahali. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, ya mililita 750, iliyokauka kabisa. Jaza mahindi theluthi moja. Weka chumvi vijiko vikubwa viwili au vitatu, yaani gramu 20 hadi 30, na chumvi yenyewe iwe imeanikwa juani kwanza. Ile ya kwenye kopo jikoni tayari imenyonya unyevu na itakudanganya. Funga, tikisa dakika moja, kisha acha chupa itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yako yamezidi 15. Isipoganda, yako chini ya 15. Soma tena: chini ya 15. Haikuambia 13.5. Mahindi ya 14.7 yanafaulu mtihani wa chumvi na bado yatakataliwa kwenye mizani, na yakikaa hadi Mei huenda yakaoza. Chumvi ni ya kukujulisha kwamba hujafika. Haiwezi kukujulisha kwamba umefika.

Kinachoweza ni mojawapo ya vifaa viwili. Cha kwanza ni mashine ya kupima unyevu, ambayo utaikuta kwenye bohari za NCPB, kwenye baadhi ya vyama vya ushirika na kwa wanunuzi wakubwa. Cha pili ni haigromita ndogo ya dijitali, ile ya kupima unyevu wa hewa, ambayo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya mashine, na kikundi cha wakulima kumi kinaweza kuimiliki pamoja. Tia mahindi kama nusu kilo kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, zamisha haigromita katikati ya punje, toa hewa, funga vizuri, weka kivulini dakika 20. Ikisoma asilimia 65 ya unyevu wa hewa au chini, mahindi yenyewe yana unyevu wa kama 13.5 au chini. Ikisoma 70, rudi kwenye turubai. Usiweke mfuko huo juani wala mfukoni mwa koti, joto linapotosha.

Kifaa chochote utakachotumia, sampuli ndiyo inayoharibu kazi. Watu huchota konzi moja juu ya gunia lililo karibu na mlango. Mnunuzi hafanyi hivyo: anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, katikati ya gunia la chini. Fanya kama yeye, kabla yake. Toa kwenye magunia matano au sehemu tano za rundo, juu, katikati na chini, changanya, kisha pima mara tatu na uchukue wastani. Na usipime mahindi yaliyotoka juani saa hiyo. Yakusanye jioni, yafunike, pima asubuhi inayofuata yakiwa yamepoa. Namba itapanda kidogo kuliko ya jana jioni, nusu asilimia au zaidi, na hiyo ya asubuhi ndiyo ya kweli. Anayepima jioni anajipongeza bure.

Tukija kwenye kuanika, tatizo ni unene. Tabaka la mahindi kwenye turubai lisizidi sentimita 4, upana wa vidole viwili. Kwa unene huo gunia moja la kilo 90 linahitaji kama mita 3 za mraba. Turubai la mita 4 kwa 5, ukiacha nafasi ya kukanyaga pembeni, linabeba magunia matano. Matano. Wengi humwaga kumi na tano, rundo linafika sentimita 12, na wanageuza mara mbili kwa siku: asubuhi na wakikumbuka. Punje za juu zinapasuka kwa jua, za chini zinatoa jasho juu ya nailoni, na wastani wake jioni unaonekana mzuri. Ikiwa una magunia 60 na turubai moja, huna siku tatu za kuanika, una mwezi mzima, kwa hiyo ama uongeze maturubai ama usipukuchue yote kwa pamoja.

Anika umande ukishakauka, saa nne asubuhi au karibu na hapo, ardhi ikiwa imeanza kupata joto. Geuza kila nusu saa jua linapowaka, kila saa likiwa hafifu, kwa reki ya mbao au kwa miguu. Kusanya saa kumi jioni, si magharibi. Mji wa Kitale, huko Trans Nzoia, uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Jua likianza tu kushuka hewa inapoa na mahindi yanaanza kurudisha maji uliyoyatoa mchana. Funika rundo usiku hata kama hakuna wingu. Jua likiwa zuri, mahindi ya 18 hufika 13.5 kwa siku mbili hadi nne. Wiki ya mawingu usiihesabu. Na tafadhali, bega la barabara ya lami si mahali pa kuanika chakula.

Kuna hoja inayotolewa kila mkutano, kwamba kukausha sana ni kupoteza kilo. Tuipige hesabu. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa 18 lina maji kilo 16.2 na mahindi halisi kilo 73.8. Ukilikausha hadi 13.5 linabaki na kilo 85.3. Umepoteza kilo 4.7, zote maji. Likiwa la 20, unapoteza kilo 6.8. Hayo ndiyo unayoyalilia. Upande wa pili wa mizani kuna gunia zima la kilo 90 lililooza, pamoja na majirani zake, au lori lililorudishwa getini ukiwa umeshalipa nauli. Broka anayenunua mabichi shambani naye amepiga hesabu hiyo hiyo, na bei anayokupa tayari imekata maji hayo, mara nyingi na zaidi.

Ukiona mvua za Novemba zimekataa kukatika, acha kabisa wazo la kupukuchua. Mahindi hukauka salama zaidi yakiwa bado kwenye gunzi, katika ghala jembamba lenye kuta za fito zinazopitisha upepo. Jembamba maana yake upana wa sentimita 60, unaofaa hata mahindi yakiingia yakiwa na unyevu wa 30. Urefu utakavyo. Ubavu mrefu ukabili upepo unakotoka, sakafu iinuliwe sentimita 75 au zaidi kutoka ardhini, na kila nguzo ivishwe bati la kuzuia panya. Tunaona maghala ya upana wa mita mbili yaliyojengwa kwa gharama kubwa na mbao safi, na ndani yake katikati mahindi yameota ukungu kwa sababu upepo haufiki. Mahindi yale yale yangeenea kwenye ghala jembamba lenye urefu mara tatu na kidogo. Menya maganda kabla ya kuingiza, na toa kila hindi lililooza ncha, lenye unga wa waridi, mweupe au wa kijani. Usiseme mashine itachambua. Mashine ya kupukuchua haichambui, inasambaza: hindi moja bovu linapita kwenye ngoma na unga wake unagawiwa gunia zima.

Wale wanaokata mabua na kuyasimamisha shambani waendelee, lakini mafungu yawe madogo na mahindi yasiguse udongo, na yasikae hadi mchwa wapate habari.

Kuhusu trekta la kupukuchua. Ukweli ni kwamba linakuja likiwa karibu, na jirani akipukuchua wewe nawe unapukuchua, ili msigharimike mafuta mara mbili. Hapo ndipo kalenda ya mwenye mashine inageuka kalenda ya mahindi yako. Pima kwanza, kwa kupukuchua mahindi ishirini kwa mkono kutoka sehemu mbalimbali za ghala. Yakiwa juu ya 18, mwambie mwenye trekta apite. Juu ya kiwango hicho punje ni laini, ngoma inazikata na kuzipasua, na punje iliyopasuka ni mlango wazi kwa kuvu na fukuzi. Kati ya 18 na 13.5 unaweza kupukuchua, mradi turubai lako linasubiri siku hiyo hiyo na si gunia. Ukiwa na mzigo mkubwa, mashine za kukaushia za NCPB ni msaada wa kweli. Ulizia kwanza foleni na ada.

Dawa ya unga huua wadudu. Haiui kuvu, haikaushi chochote. Mifuko ya tabaka isiyopitisha hewa nayo ni mizuri sana kwa mahindi makavu, lakini ukifungia mabichi umefunga na maji yake. Yatachacha na hakuna pa kutokea. Mahindi yapoe kabla ya kufungwa. Magunia yakae juu ya mbao, sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, na nusu mita kutoka ukutani. Yaliyokauka sawasawa yanamiminika yakilia kama changarawe na mkono ukizama guniani unakuta ubaridi.

Ikiwa umeshashona na sasa una wasiwasi, usingoje harufu. Leo hii zamisha mkono hadi kwenye kiwiko katika gunia la katikati ya rundo. Ukikuta joto, fungua yote, mwaga kwa sentimita 4 zile zile, anza upya. Ukikuta ukungu wa kijani au manjano, hapo si suala la bei tena. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu, iliyotokana na mahindi yaliyowekwa ndani yakiwa mabichi. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, kusaga hakuiondoi, na kukausha leo kunazuia kuvu mpya tu. Sumu iliyokwisha kuingia inabaki. Usichanganye na mazuri ili yapite sokoni. Usipeleke kwa mpika busaa. Na usimpe ng'ombe wa maziwa ukidhani tumbo lake ni imara: sumu inapita na kutokea kwenye maziwa, na maziwa hayo yanarudi mezani kwako asubuhi. Mahindi ya namna hiyo yafukiwe, mbali na kisima, na magunia yake yachomwe.