Kuzipanga molekuli kwa kitambaa: fuwele kimiminika kwenye uso wa kioo

Fuwele kimiminika hutiririka kama mafuta, ila molekuli zake hupenda kuelekea upande mmoja. Upande upi? Huo huamuliwa na uso ambao zimeuegemea. Tutatumia 5CB, fuwele kimiminika ambayo ni nematiki (yaani molekuli zake huelekea upande mmoja huku ikitiririka) kati ya nyuzijoto 24 na 35 hivi za Selsiasi, pamoja na hadubini yenye polaraiza mbili (vichujio vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu) zilizopishana kwa digrii 90.

Anza na usafi. Osha slaidi kwa sabuni, suuza kwa maji yaliyochujwa madini, kisha kwa ethanoli, na ukaushe. Vaa glavu, maana alama ya kidole isiyoonekana kwa macho hujitokeza baadaye kama doa lenye mpangilio wake wenyewe. Mimi nimetupa seli nyingi (yaani slaidi mbili zenye fuwele kimiminika katikati) kwa sababu hiyo kuliko nyingine yoyote.

Sasa paka utando mwembamba wa polivinili alkoholi (PVA; mmumunyo wa asilimia 1 unatosha), uache ukauke kabisa, kisha usugue kwa kitambaa cha mahameli. Sugua upande mmoja tu, mara kama 20, bila kurudisha mkono na bila kukandamiza. Chembe moja ya vumbi ikinaswa kitambaani huchora mstari utakaouona hadubinini tangu mwanzo hadi mwisho wa slaidi. Weka alama ya mwelekeo kwenye kona mapema. Ukishasahau, slaidi haitakukumbusha.

Funika kwa slaidi ya pili iliyosuguliwa vivyo hivyo, misuguo ikielekeana kinyume, na katikati weka vipande vya plastiki vya maikromita 10. Pasha moto hadi nyuzijoto 40 ndipo ugusishe tone la 5CB ukingoni: litavutwa ndani lenyewe. Ukijaza likiwa nematiki, mtiririko huacha michirizi yake.

Likipoa, zungusha seli. Msuguo ukilingana na polaraiza moja, giza. Ukifika digrii 45, mwanga. Utando mwembamba juu ya kioo umeamuru maelfu ya tabaka za molekuli, kila moja ikimfuata jirani yake! Ukiunganisha vioo kwa digrii 90, molekuli hujisokota na mwanga hupita, kama katika skrini za saa za kidijitali.

Badala ya PVA jaribu lesithini, aina ya mafuta yenye molekuli za kichwa na mkia. Vichwa vyake hushika kioo, mikia ikisimama, na molekuli za 5CB husimama pamoja nayo. Seli hubaki nyeusi hata ukiizungusha vipi.

Mpaka wa maji nao hautaki kitambaa. Tikisa 5CB kidogo ndani ya maji, uangalie matone: molekuli hulala kandokando ya uso, na kila tone lina ncha mbili. Ongeza kidogo SDS, ambayo ni aina ya sabuni. Molekuli husimama wima usoni, zikielekea kitovu, na ndani ya kila tone hutokea msalaba mweusi usiozunguka hata ukizungusha meza ya hadubini.