Somo: Kuchagua Raifoli na Risasi ya Kuwindia Wanyama Waharibifu wa Shamba

Mkulima wa Muheza, hapa Tanga nchini Tanzania, aliyechoshwa na ngedere huanza kwa kutaja bunduki anayoitaka, na mimi nilianza vivyo hivyo. Nilirithi kwa marehemu mjomba wangu raifoli ya .22 Hornet (namba hutaja takribani upana wa risasi kwa inchi, na jina hutaja aina yake), nyepesi, yenye kitako cha mti kilicholainishwa na mashavu ya wazee wawili, na baada ya kukamilisha taratibu za umiliki polisi nikakaa nayo misimu miwili ya machungwa bila kupata hata boksi moja la risasi zake dukani. Tangu hapo nafundisha kwa mpangilio ulio kinyume na mazoea: ardhi kwanza, risasi ya pili, bunduki mwisho.

Hatua ya kwanza: ruhusa

Silaha inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mnyama analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo kibali cha kumiliki bunduki si kibali cha kumuua nyani. Afisa wanyamapori wa wilaya aonwe kabla ya muuza silaha. Mbega, hata akikaa juu ya mchungwa wako kutwa nzima, si wa kulengwa.

Hatua ya pili: kulipima shamba

Simama mahali utakapofyatulia, hesabu hatua hadi pale wanyama wanapoingilia, kisha utazame kilicho nyuma yao, kwa sababu risasi iliyomkosa mnyama au iliyompita mwilini itaendelea na safari. Risasi ndogo ya .22 LR, ambayo wengi huichukulia kama mchezo, ikifyatuliwa kwa mwinuko inaweza kwenda karibu kilomita 2, na katika vijiji vyetu hakuna kilomita 2 zisizo na nyumba, njia ya shule au mtu anayekata kuni.

Hapa ndipo ngedere anapotutega. Yeye hula akiwa juu: hukaa kwenye panda, hulimenya chungwa kwa meno, hula pande mbili tatu na kuliangusha lililobaki, na nyuma yake hakuna kitu ila mbingu. Mnyama aliye mtini halengwi kwa raifoli hata siku moja. Ama umtumie bunduki ya marisau, ile inayotoa vipunje vingi kwa mpigo mmoja, kwa umbali usiozidi mita 30 hivi, maana marisau madogo hupoteza nguvu na kuanguka ndani ya mita mia chache, ama usubiri ateremke. Katika shamba langu nimesimika vigingi vitatu, na kila kimoja kinaelekea ukingo wa udongo mwekundu uliokatwa wakati barabara inachongwa. Nje ya mielekeo hiyo mitatu raifoli yangu haifyatuliwi, hata nyani waje na wajukuu wao.

Hatua ya tatu: risasi

Ukishaujua umbali wako mrefu kabisa, chaguo hupungua lenyewe. Kwa mita 50 na wanyama wadogo kama panya buku, .22 LR inatosha na ni ya gharama ndogo. Ukiilenga sawa kwa mita 50, kwenye mita 100 itakuwa imeshuka karibu sentimita 15, na hapo unajeruhi badala ya kuua. Isitoshe, kwa kuwa kichwa chake, yaani ile sehemu inayoruka, ni cha madini laini ya risasi na mwendo wake ni wa polepole, ina tabia mbaya ya kudunda ikigonga jiwe au ardhi kavu.

Ya .17 HMR, iliyoingia sokoni mwaka 2002, hutoka mtutuni kwa mita 775 hivi kwa sekunde na husafiri kwa njia iliyonyooka, lakini kichwa chake kina uzito wa gramu 1.1 tu. Anayeishi pwani anajua maana yake: upepo wa kusi wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni huisogeza karibu sentimita 10 kwenye mita 100, wakati .223 Remington yenye kichwa cha gramu 3.6 husogea karibu sentimita 3.

Hiyo .223 ndiyo kipenzi changu kwa nyani wa ardhini kati ya mita 80 na 200. Inatoka kwa mita 990 hivi kwa sekunde, kishindo chake begani ni kidogo kiasi kwamba jicho halitoki kwenye darubini, na kichwa chepesi chenye ganda jembamba, kilichotengenezwa kwa wanyama wa namna hii, huvunjikavunjika kinapogonga udongo, hivyo hakidundi kama kile cha .22 LR. Wapo wanaoisifu .22-250, ambayo hufika mita 1,120 kwa sekunde. Ni kweli ina kasi, lakini inakula mtutu mapema, na shamba la mchungwa si jangwa la kumhitaji mtu afyatue mita 350.

Kabla ya kuamua, nenda kwa muuza silaha ukamwombe akuonyeshe maboksi aliyonayo siku hiyo. Asikuambie yatakuja.

Hatua ya nne: bunduki yenyewe

Chagua raifoli ya komeo, inayokokiwa kwa mkono kila risasi, yenye uzito wa kilo 3 hadi 3.5 bila darubini. Ukinunua .223 iliyotumika, uliza mifuo ya mtutu, ile mistari iliyochongwa ndani yake ili kuizungusha risasi, inazunguka vipi: inayokamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 12 hupenda vichwa vyepesi vya gramu 3.6 kushuka chini, na ya inchi 8 hutuliza pia vichwa vizito. Kuhusu darubini, gawanya upana wa kioo cha mbele kwa ukuzaji wake. Kioo cha milimita 42 kwa ukuzaji wa mara 6 hutoa mwanga wenye upana wa milimita 7, kiasi kinacholingana na mboni iliyofunguka alfajiri, saa ambayo nyani huanza kushuka.

Hatua ya tano ni kupima shabaha katika uwanja ulioruhusiwa, kwa boksi lile lile utakalotumia shambani, risasi tatu tatu, ukiuacha mtutu upoe kati ya mafungu.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mwanachama wa Mkinga: Shikamoo mwalimu. Ninayo .22 LR tayari. Haiwezi kumtosha nyani dume?

Marahaba. Haimtoshi. Nguvu yake ikitoka mtutuni ni karibu moja ya tisa ya .223, na dume la nyani huweza kupita kilo 25. Atakwenda nayo porini akafie huko baada ya siku mbili. Ibaki kwa panya buku.

Mwanachama wa Handeni: Shida yetu ni nguruwe pori kwenye mahindi. Je, .223 inafaa?

Hapana, ndugu yangu. Nguruwe wa kilo 70 anataka .243 Winchester yenye kichwa cha gramu 6.5, au bunduki ya marisau makubwa kwa umbali mfupi. Hata hivyo nguruwe wenu huja usiku, na kuwinda usiku kwa taa kumekatazwa, kwa hiyo kazi hiyo waachieni askari wa wanyamapori.

Mwanachama wa Pangani: Jamaa mmoja ananiambia risasi za jeshi za 5.56 zinaingia kwenye .223 bila tatizo.

Kuingia zinaingia, maana kwa macho hazitofautiani. Ila zimetengenezwa kwa shinikizo kubwa zaidi, na chemba ya bunduki ya 5.56 ina nafasi ndefu zaidi mbele ya ganda kuliko ya .223, kwa hiyo usizifyatue kwenye .223. Halafu jiulize huyo jamaa amezipata wapi. Raia hauziwi risasi za jeshi.

Mwanachama wa Tanga mjini: Mtutu wangu unashika kutu kila baada ya wiki, na kabati ni kavu.

Kabati ni kavu, lakini hewa ya bahari ina chumvi, na jasho la mkono lina chumvi pia. Usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi au wa turubai, kwani hunyonya unyevu na kuugandisha kwenye chuma. Ifute yote kwa kipande cha fulana kuukuu chenye matone mawili ya mafuta ya bunduki, komeo likiwa limetolewa, kila unaporudi shambani hata kama hukufyatua. Kabla ya kwenda tena, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, kwa sababu mafuta yaliyobaki humo huipeleka risasi ya kwanza pasipolengwa.