Jinsi ya kuwaelewa wale majenerali wa Mrusi waliotawala Ufini, bila kuchanganya majina wala tarehe

Mtoto wa dada yangu yuko S6, yaani kidato cha sita, huku Mukono Uganda, juzi kaniletea notsi zake za historia ya Ulaya, kwenye ukurasa mmoja kaandika "Gavana-Jenerali wa Ufini aliuawa 1904, akakamatwa 1917". Nikamwambia mjomba, huyu mtu wako aliuawa kwanza halafu ndio wakaja kumkamata miaka 13 baadaye? Tukacheka wote, ila mi nilicheka kwa aibu kidogo maana hao hao walishanipiga chenga zamani nikiwa shule, nilisimama mbele ya darasa nikaongea wee kuhusu jenerali mmoja kumbe ni wawili, na ticha akaniacha tu niendelee mpaka mwisho.

Sasa hivi ndivyo ninavyomfundisha, na wewe kama una mtoto wa A-level nyumbani au unasoma mwenyewe, fuata hivi hivi.

Kabla ya jina lolote, chukua karatasi uchore pembetatu. Juu kabisa weka Tsar, yaani mfalme wa Urusi, anayekaa St. Petersburg. Urusi iliichukua Ufini kutoka Sweden kwenye vita ya 1808 na 1809, na Tsar Alexander I akawaita wawakilishi wa Wafini mji wa Porvoo mwaka huo wa 1809, akawaahidi kwamba dini yao, sheria zao na haki zao zitabaki. Kwa hiyo Ufini haikuwa mkoa wa Urusi tu, ilikuwa utemi mkuu na mtemi wake ni Tsar mwenyewe. Walikuwa na Seneti yao Helsinki, yaani serikali yao ya ndani, na kuanzia 1860 pesa yao wenyewe, markka. Kona ya pili ya pembetatu ni gavana-jenerali, mtu wa Tsar anayekaa Helsinki, kwa karatasi ndiye mwenyekiti wa Seneti, na askari wa Urusi walioko pale wako chini yake. Kona ya tatu watoto wengi wanaisahau na ndio ya maana: waziri-katibu, anakaa St. Petersburg, kazi yake kupeleka mambo ya Ufini kwa Tsar moja kwa moja. Kwa miaka mingi huyu alikuwa upande wa Wafini. Yaani masikio ya Tsar yalikuwa na njia mbili, na gavana mkorofi akikuandikia vibaya kuna mwenzako wa kukutetea kule juu.

Ukiielewa hiyo kona ya tatu umemaliza nusu ya kazi, kwa sababu 1899 ilichukuliwa na Mrusi, Plehve. Basi njia zote mbili zikawa zinasema kitu kimoja.

Hapo ndipo Mganda anaelewa haraka kuliko hata huyo Mzungu aliyeandika kitabu. Sisi tuna mkataba wetu wa 1900, Buganda na Mwingereza, uliosainiwa Mengo wakati Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Daudi Chwa bado mtoto mdogo na Apolo Kagwa na wenzake wawili wanashika kiti kwa niaba yake. Mengo, kwa Kabaka, walikuwa wanausoma kama mapatano ya pande mbili. Entebbe, kwa Mwingereza, walikuwa wanausoma kivyao, na 1953 Gavana Cohen akatumia kipengele cha humo humo ndani ya mkataba, akasema serikali haimtambui tena Kabaka Mutesa II, wakampandisha ndege kwenda Uingereza. Ufini ni ugomvi wa aina hiyo hiyo. Mfini anasema Porvoo tulikubaliana. Mrusi anasema hapana, ile ilikuwa zawadi ya mfalme na mwenye kutoa anaweza kurudisha mfukoni. Mtoto akishika hilo maswali mengi yanajijibu.

Halafu tarehe. Wafini walikuwa wanatumia kalenda hii yetu na Warusi ile ya zamani, tofauti siku 12 kwenye miaka ya 1800 na siku 13 baada ya hapo. Ndio maana kitabu kimoja kinasema tarehe 3 Juni na kingine 16 Juni na wote wako sawa. Chagua moja, iandike juu ya ukurasa, usigeuke katikati. Mi natumia ya Helsinki.

Sasa majenerali. Wa kwanza ni Nikolai Bobrikov, aliingia 1898. Huyu usimpitie haraka.

Februari 15, 1899 Tsar Nicholas II akatoa ilani kwamba sheria zinazogusa dola nzima zitatungwa St. Petersburg, Wafini watatoa maoni tu. Ilipofika kwenye Seneti kuamua kama itangazwe au la, kura zikagongana 10 kwa 10 na kura ya mwenyekiti wa kikao ndio ikaipitisha. Wananchi wakaenda kuweka maua kwenye sanamu ya Alexander II pale uwanja wa Seneti, ona akili hiyo, unamlalamikia Tsar aliye hai kwa kumpa maua babu yake aliyekufa, polisi watakukamata kwa kosa gani? Halafu wakakusanya saini, wiki mbili tu, katikati ya baridi kali, watu wanateleza na mbao miguuni juu ya theluji kijiji hadi kijiji na karatasi kifuani, wakapata zaidi ya 520,000, wakatuma wajumbe 500 St. Petersburg. Tsar akakataa kuwaona. Wakarudi na makaratasi yao.

Mwaka uliofuata ikaja zamu ya lugha, Kirusi kiingie ofisi za juu, na stempu za Ufini zikaanza kuondolewa zije za Urusi. Wafini wakachapisha stempu nyeusi ya msiba yenye nembo yao, haina kazi yoyote posta, unaibandika tu kwenye bahasha pembeni ya ile ya Mrusi, mpaka ikapigwa marufuku. Mi nikifika hapa huwa namkumbusha mjomba jinsi watu wa Buganda walivyovaa lubugo, nguo ya gome la mti, Kabaka alipopelekwa uhamishoni. 1901 sheria ya jeshi, vijana wa Kifini waingizwe kwenye mfumo wa jeshi la Urusi, na mwaka uliofuata zaidi ya nusu ya walioitwa hawakutokea kabisa. 1903 Bobrikov akapewa mamlaka ya kufukuza watu nchini.

Juni 16, 1904, asubuhi, anapanda ngazi ndani ya jengo la Seneti. Eugen Schauman, karani wa serikali, miaka 29, anampiga risasi tatu halafu anajimalizia mwenyewe hapo hapo. Risasi mbili ziligonga medali na vifungo vya koti, ya tatu ikapiga bizimu la mkanda ikaingia tumboni na vipande vyake. Bobrikov akafa usiku wa kuamkia 17. Wiki sita baadaye Plehve naye kalipuliwa kwa bomu St. Petersburg, sasa rudi kwenye pembetatu yako ufute majina mawili.

Katikati pita haraka, usimchoshe mtoto: Urusi ikapigwa na Japani, 1905 mgomo mkubwa, Tsar akalegeza kamba, 1906 Wafini wakapata bunge la watu 200 na wanawake wakaruhusiwa kupiga kura na kugombea pia, na uchaguzi wa 1907 ukaingiza wanawake 19. Magavana watatu walipita hapo, wajue kwa majina tu: Obolensky, Gerard, Boeckmann.

Wa pili ndio Franz Albert Seyn, kuanzia Novemba 1909 mpaka 1917. Jina linasikika la Kijerumani lakini ni jenerali wa Urusi kabisa. Kitu cha kukumbuka ni kwamba aliwahi kuwa mkuu wa ofisi ya Bobrikov, kwa hiyo mafaili yote anayajua, kila mlango anaujua unafunguka wapi. Kwa maoni yangu alikuwa mbaya kuliko bosi wake, maana Bobrikov alikuwa anapiga kelele mpaka watu wanajipanga, Seyn anafanya kwa makaratasi. 1910 sheria ikapita kwamba mambo makubwa ya Ufini yaende kwenye Duma, yaani bunge la Urusi, na Baraza la Dola huko huko. Maseneta wa Kifini walishajiondoa, nafasi zao wakawekwa maafisa waliotumikia jeshi la Urusi, watu wakaiita Seneti ya mapanga. 1912 ikaja sheria ya kuwapa Warusi haki sawa na wenyeji ndani ya Ufini, majaji wa mji wa Viipuri huko Ufini wakakataa kuitekeleza wakafungwa jela St. Petersburg. Na 1914 Svinhufvud, jaji na mwanasiasa, akapelekwa Siberia.

Machi 1917 Tsar kaanguka, Seyn akakamatwa Helsinki akapelekwa Petrograd (ndio St. Petersburg ile ile, jina jipya), serikali mpya ya muda ikairudishia Ufini katiba yake, na Svinhufvud karudi nyumbani mwezi huo huo. Uhuru ukaja Desemba 6.

Tahadhari moja kuhusu ule mfano wa Buganda, usiuvute mpaka ukatike. Cohen hakuwa jenerali, na Kabaka alirudi Oktoba 1955 chini ya malkia yule yule. Ufini ilibidi Tsar mwenyewe aondoke kwanza. Mtu akiandika kwamba ni kitu kimoja mkatie maksi.

Ukimaliza, mpime. Usimuulize "elezea", mtajie kitu kimoja aseme ni cha jenerali yupi: stempu nyeusi, majaji wa Viipuri, bizimu la mkanda, Seneti ya mapanga. Wangu alipata tatu. Stempu alimpa Seyn, nikamrudisha kwenye pembetatu.