Jinsi ya kuweka sanamu ya kichokozi mtaani bila kuja kung'olewa

Kabla hujanunua hata kilo moja ya chuma jiulize hivi, sanamu yako inachokoza akili za watu au miguu yao? Kitu cha ajabu watu wanakizoea, ila ukimzungusha mtu kila asubuhi akiwahi kazini hasahau aisee.

Cheki yaliyompata mchonga sanamu Richard Serra pale New York. 1981 alisimamisha Tilted Arc, bonge la ukuta wa chuma cha kutu, urefu kama mita 36 na kwenda juu zaidi ya mita 3.5, likakata katikati ya uwanja wa maofisi ya serikali. Mwenyewe alitaka mtu alisikie kwa mwili akitembea, kisanaa namwelewa kabisa, ila waliokuwa wanakatiza hapo walichoka, 1985 kikaitwa kikao cha kusikiliza maoni na 1989 likakatwa vipande likabebwa usiku.

Kwa hiyo fanya hivi. Beba maboksi, mirunda na turubai, nenda pale pale utakapoiweka sanamu ujenge umbo lako kwa saizi yake halisi halafu kaa pembeni siku nzima, usiongee, angalia tu. Utaona mama mwenye kigari cha mtoto anakwama wapi, mwenye fimbo nyeupe anagonga nini, kivuli cha saa kumi kinaingia dirisha la nani. Sogeza hata nusu mita tu, mara nyingi inatosha.

Halafu injinia. Usimkwepe, upepo hauogopi msanii, na watoto WATAPANDA hata ukiweka kibao, so pitisha kiganja kila ukingo, kikikwaruza piga msasa tena.

Kibali ndo usiseme. Kule Oxford, Uingereza, Agosti 1986 Bill Heine aliamka na sanamu ya samaki papa wa mita 7 na kitu amezama kichwa kwenye paa la nyumba yake, kazi aliyomwagiza msanii John Buckley. Hakuomba ruhusa. Halmashauri ikaja na hoja ya usalama, mainjinia wakakagua wakakuta kashikiliwa vizuri tu, ikahamia kwenye kibali, wakavutana mpaka 1992 serikali kuu ikasema abaki. Miaka sita hiyo, na alikuwa juu ya paa lake mwenyewe hajamzibia mtu njia! Wewe unayeweka kwenye uwanja wa umma usijaribu.

Majirani waonyeshe mchoro mapema, lakini usiwaulize kama wanaupenda, hapo utaishia kuchonga njiwa. Uliza nini kitawasumbua. Wakisema taa, kelele za wapiga picha, kona ya giza, rekebisha. Wakisema tu haina heshima, sikiliza, jibu kistaarabu, na usiifunike shuka.

Mwisho andikishaneni nani ataiosha na kwa hela ya nani, maana rangi ya kwanza ya kupuliza itapigwa wiki hiyo hiyo.