Kuchukua mkojo nyumbani kwa ajili ya maabara

Hapa Kisumu, sampuli inayotusumbua maabara ni ile yenye vijidudu vya kila aina. Tukiotesha mkojo zikaota aina tatu za bakteria, kwa kawaida hizo zimetoka kwenye ngozi, na jibu linakuwa "lete mwingine". Aliyetoka Ahero au Maseno analipa nauli mara ya pili. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Chukua kikopo kutoka maabara au duka la dawa, usikifungue mpaka uwe tayari. Chupa ya soda hapana, hata ukiisuuza kwa jiki. Mabaki ya soda ni sukari, na mabaki ya jiki yanaweza kukifanya kijiti cha kupimia kionyeshe sukari au damu isiyokuwepo. Jina na saa andika kwenye kikopo chenyewe. Vifuniko hubadilishana mezani.

Hatua ya 2. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora kwa vipimo vingi, kwa kuwa umekaa kibofuni usiku kucha. Kama umeandikiwa antibiotiki, chukua sampuli kabla ya kidonge cha kwanza. Ukishameza, sema. Mwenye hedhi naye aseme.

Hatua ya 3. Nawa mikono, kisha osha sehemu za siri kwa maji safi. Mwanamke ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma; mwanamume asiyetahiriwa avute govi nyuma. Dawa ya kuua vijidudu usiguse, maana ikiingia kikoponi itaua hao tunaowatafuta.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi hukosea. Mwanamke atenganishe midomo ya uke kwa vidole. Anza kukojoa chooni. Bila kukata mkojo, ingiza kikopo katikati ya mkondo, kijae nusu, kisha umalizie chooni. Mkojo wa mwanzo unasafisha mlango wa njia ya mkojo. Ukiukinga huo, tunapima uchafu wa mlangoni. Usiguse ndani ya kikopo wala ndani ya kifuniko. Na kisijae pomoni, tafadhali, sisi ndio tunaokifungua.

Ila kama kipimo ni cha klamidia au kisonono kwa mkojo, mambo yanageuka: usioshe sehemu za siri, kaa angalau saa 1 bila kukojoa, halafu kinga ule wa mwanzo kabisa.

Hatua ya 5. Fikisha ndani ya saa 1, ikichelewa sana 2. Bakteria kama E. coli akipata joto zuri anaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi, na joto la Kisumu unalijua. Kikopo kilichokaa juani mbele ya matatu kinaweza kumpa mtu mwenye afya ugonjwa asio nao. Ukichelewa, kiweke kwenye friji (si sehemu ya kugandisha) kwa nyuzi 4 hivi, kisizidi saa 24. Huna friji? Kifunge kwenye mfuko, ukiweke ndani ya chombo chenye barafu.

Mkojo wa saa 24 una utaratibu wake: wa kwanza wa asubuhi unamwagwa na saa inaandikwa, kisha kila tone linakusanywa mpaka ule wa asubuhi inayofuata, saa ileile.

Wavuvi wanaokuja kupimwa kichocho waulize kwanza. Aina iliyoenea zaidi kando ya Ziwa Victoria, Schistosoma mansoni, mayai yake hutoka na choo kikubwa, kwa hiyo huenda kikopo cha mkojo si chako.