Jinsi ya kupima kama mafuta yanapunguza uvimbe kwa panya wa maabara

Kwanza kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi. Panya anaumia katika kipimo hiki, basi asiumie bure.

Hatua ya 1: Mafuta
Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Omega-3, aina ya mafuta iliyomo kwenye mafuta ya samaki, huchacha upesi ikipata hewa na mwanga. Niliwahi kuiacha chupa dirishani wiki nzima. Panya wakasusa chakula, na kazi ya mwezi ikapotea. Tumia chupa ya kahawia, ijaze hadi shingoni, iweke kwenye friza, na uchanganye chakula cha siku moja tu. Kila asubuhi nusa kwanza. Yakinuka kama rangi ya mafuta, mwaga.

Hatua ya 2: Makundi
Panya wa gramu 150 hadi 200, wagawe kwa kura. Kundi moja lile omega-3, la pili mafuta ya mahindi kwa kiasi kilekile, la tatu lile mafuta ya mahindi pia, ila siku ya kipimo lipewe indomethasini, dawa inayojulikana kupunguza uvimbe, miligramu 10 kwa kilo ya uzito wa panya. Wengi huku hutaka kujaribu mafuta ya parachichi za Rungwe. Sawa, lakini hayo yamejaa omega-9, aina nyingine ya mafuta. Yape kundi lake.

Hatua ya 3: Lisha wiki nne
Omega-3 lazima iingie kwenye utando wa seli na kuisukuma nje asidi ya arakidoni, mafuta ambayo ni malighafi ya prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta uvimbe.

Hatua ya 4: Sindano
Saa moja baada ya indomethasini, choma kila panya karaginani, kitu cha kuuvimbisha mguu, ya 1% iliyoyeyushwa kwenye maji ya dripu ya chumvi, mililita 0.1, chini ya ngozi ya unyayo wa nyuma. Karaginani hutoka kwenye mwani mwekundu, jamii ya ule wanaoulima akina mama wa Zanzibar.

Hatua ya 5: Pima
Chora mstari kifundoni kwa kalamu, uzamishe mguu hadi hapo kwenye plethismomita, kifaa cha maji kinachopima ujazo wa mguu: kabla ya sindano, kisha kila saa hadi ya tano. Anayepima asijue panya ni wa kundi gani. Saa ya kwanza inatawaliwa na histamini, kemikali nyingine ya mwili inayoleta uvimbe. Tofauti itafute kuanzia saa ya tatu, prostaglandini zinapopanda.

Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai si ya kupuuza. Mguu wa baridi hupata damu kidogo na huvimba kidogo, ukadhani mafuta yamefanya kazi. Washa hita tangu jana yake, chumba kikae nyuzi 22.

Hatua ya 6: Hesabu
Tuseme kundi la mahindi limevimba mililita 0.80, la omega-3 0.52. Toa, gawanya kwa 0.80, zidisha kwa 100: uvimbe umepungua kwa 35%. Lakini anza na kundi la indomethasini. Kama nalo halikupungua, matokeo ya siku hiyo yaweke kando: kagua sindano na karaginani kabla ya kuyalaumu mafuta.