Kupiga chokaa ya krimu isiyogeuka manjano

Krimu nyingi huharibika kwa sababu fundi huipima kwa macho ndani ya ndoo. Chokaa iliyochanganywa rangi ikiwa mbichi huonekana imekolea; ikikauka hupauka sana. Pima kwa mizani, kisha jaribu.

Chokaa ya Songwe ikiwa bado mabonge, izime kwanza kwenye pipa la chuma, maji lita 3 kwa kila kilo. Tia mabonge kidogo kidogo kwenye maji. Usimwagie maji juu ya mabonge, kwani huchemka na kuruka. Vaa miwani na glavu, maana chokaa hupofusha. Iache wiki moja. Ya unga wa mfuko, iloweke usiku kucha tu.

Kwa kilo 5 za unga tumia maji lita 10. Chuja kwa chandarua. Mchanganyiko uwe mwepesi kama maziwa. Oksaidi (unga wa rangi) ya njano gramu 100 hutoa krimu. Nyekundu ina nguvu zaidi, gramu 20 zatosha kwa waridi hafifu. Usizidishe gramu 500 kwa kiasi hicho cha chokaa, la sivyo rangi haitashika. Koroga oksaidi kwa maji ya vuguvugu hadi vidonge viishe, ndipo umimine. Paka kipande cha tofali, subiri siku nzima, kisha amua. Changanya ya ukuta mzima kwa mara moja, kwa sababu ndoo ya pili haifanani kabisa na ya kwanza.

Ukuta uwe wa lipu au tofali tupu. Juu ya rangi ya mafuta chokaa hubanduka. Lowanisha ukuta, paka nyembamba, koroga ndoo kila mara kwa kuwa oksaidi hutuama chini. Piga mikono (tabaka) mitatu au minne, siku moja katikati.

Iringa, jua na upepo wa Septemba hukausha haraka mno: fuata kivuli. Makete na Njombe, Juni na Julai, anza jua likishapanda na uache saa 9 alasiri, kwa sababu chini ya nyuzi 5 chokaa haigandi vizuri.

Ukigusa ukuta uliokauka na kiganja kikitoka cheupe, chokaa ilikauka kabla ya kuvuta hewa ya kuigandisha, au mkono ulikuwa mzito. Piga burashi kavu kuondoa unga, lowanisha, rudia mkono mwembamba. Kuongeza unene huzidisha tatizo.